Mwenye Ng'ombe Amekwisha Kuonywa

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, katika sheria alizopewa Musa limo shauri la ng'ombe apigaye pembe. Ng'ombe akimpiga mtu akafa, naye hakuwa na sifa hiyo tangu zamani, ng'ombe huuawa na mwenyewe huachwa huru. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alijulikana, ikiwa majirani walikwenda kwa mwenyewe wakamwonya, naye akamwacha azurure bila kamba, shauri linageuka. Hapo mwenye ng'ombe naye husimama kwenye hukumu, kwa sababu alijua.

Leo nawaletea shauri hilo mlangoni kwenu, kwa kuwa na sisi tumekwisha kuonywa. Hakuna mzazi katika wilaya hizi mbili asiyeijua ile njia ya mkato inayopita nyuma ya nyumba, ikakatiza karibu na shule, ikatokea ng'ambo ya pili ya senta. Kila asubuhi tunaziona pikipiki zikikata uwanja wa shule kati ya mlingoti wa bendera na darasa la kwanza. Tunayaona magari madogo yakikimbia kwenye vichochoro vya udongo ambavyo babu zetu waliviacha kwa ajili ya miguu na mbuzi. Tunapiga kelele mara moja, tunatikisa kichwa, tunaingia ndani kunywa chai. Ng'ombe anajulikana, na bado yuko nje.

Tunaishi kando ya barabara kubwa. Mzigo unaoshuka bandarini Dar es Salaam kwenda Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo hufika kwetu baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Huingia Biharamulo kwa Nyakanazi, pale barabara kubwa inapokutana na ile ya Kigoma, hufika Lusahunga, kisha hushika zile kilomita 92 za kwenda Rusumo kwa kupitia Nyakahura na Benaco. Mwingine hupinda upande wa Ngara mjini hadi mpaka wa Kabanga. Yamo humo malori ya trela ambayo sheria ya Afrika Mashariki inayaruhusu kufika uzito wa tani 56, yamo matangi ya mafuta, mabasi ya alfajiri, na magari ya IT, yale yanayopita tu kwenda nchi jirani, yanayokimbizwa mpakani usiku na mchana. Tarehe 6 Aprili 2016 Marais John Magufuli na Paul Kagame walifungua daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Daraja la zamani lilipitisha magari kwa zamu, upande mmoja ukisubiri mwingine. La sasa limekuwa mlango mpana.

Tunamshukuru Mungu kwa barabara hiyo. Kahawa yetu, ndizi zetu na maharage yetu vinapita humo, na mama mwenye uchungu hufika hospitalini Murgwanza kwa gari badala ya machela. Nayasema haya mapema, mtu asije akadhani ninahubiri chuki juu ya wageni wapitao. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na Benaco ikageuka mji wa mahema kwa usiku mmoja. Ngara iliwapisha. Wilaya iliyoweza kuwapisha majirani wengi kiasi hicho haiwezi kushindwa kuwapisha watoto wake wenyewe.

Basi sikieni ubaya wenyewe uko wapi. Dereva wa semi aliyetoka Dar es Salaam haijui njia ya nyuma ya shule yenu. Yeye hubaki kwenye lami kwa sababu hana pengine pa kupitisha gari lake. Anayeijua njia ile ni jirani yako. Ni mtoto wa shangazi yako, ni mwenzako wa jumuiya, ni yule mnayeswali naye safu moja Ijumaa. Lami ikiwa na foleni ya malori, yeye hukata. Ikiwa na matuta, hukata ili kuokoa shokomzoba. Trafiki wakisimama njia panda, mchomoko uliojaza abiria hadi buti hupinda kabla ya kuonekana, na bodaboda aliyepakia mishikaki huingia kichochoroni akiwa amepinda mgongo. Barabara ikiwa kwenye matengenezo, vumbi limetanda na mawe yamemwagwa, basi wote huhamia mtaani, na mtaa uliokuwa wa watoto hugeuka barabara kuu isiyo na alama wala kivuko, bila mtu wa kuuliza kasi. Wengine wanakatiza hapo wakielekea ofisini, wengine sokoni, wengine, Mungu atusamehe, wanawahi ibada.

Anaokoa nini? Dakika tatu. Nne labda, siku ya gulio.

Nendeni mkasimame kwenye njia hizo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtazame walio juu yake. Watoto wanatoka vitongojini, wengine wametembea kilomita kadhaa, mkononi ufagio, kichwani dumu la maji, daftari kwenye mfuko wa plastiki. Wanatembea wanne wanne kwa sababu wanaogopa kuwa peke yao. Mkubwa wa darasa la sita amemshika mkono mdogo wake wa awali. Ukungu wa Ngara bado haujapanda kutoka mabondeni, na mwezi wa Aprili njia yenyewe ni utelezi mtupu. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza katika shule za umma za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, madarasa yetu yamejaa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani kuchunga. Tuliwaita sisi. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha. Tukishawaita, njia wanayoijia ni amana yetu.

Mtoto wa miaka saba hawezi kupima kasi ya gari. Anaona gari liko mbali, anaamini kwamba lililo mbali litachukua muda kufika, anavuka. Huo si ukaidi wala ukosefu wa malezi. Ndivyo Muumba alivyompangia kukua, akili ya kupima mwendo na umbali huja polepole kama meno ya ukubwani. Aliye na akili kamili ni mtu aliyeshika usukani. Na mtu huyo, akienda kilomita 50 kwa saa, hula karibu mita 14 kwa kila sekunde. Jicho lione, moyo ustuke, mguu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki: sekunde moja imekwisha kwenda, na breki yenyewe haijaanza kushika. Kwenye udongo wenye utelezi au changarawe inayoteleza, gari huendelea kwenda hata tairi likiwa limesimama. Akienda kilomita 30, aliyegongwa kwa kawaida huishi. Kila kilomita inayoongezwa juu ya hapo humpeleka mtoto karibu na kaburi. Ndiyo maana Februari 2020 mataifa yaliyokutana Stockholm, Sweden, yaliazimia kwamba mahali ambapo watembea kwa miguu huchanganyika na magari, mwisho wa kasi uwe kilomita 30. Na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba barabara huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba hakuna kinachowaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Hata malaria, tunayoiogopa hadi tukalala chini ya vyandarua, haiwaui watu wa umri huo kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye neno linalonichoma. Tukimzika mtoto, anasimama mzee msibani anasema, ajali haina kinga. Watu wanaitikia. Anasimama mwingine anasema, siku yake ilikuwa imefika. Watu wanaitikia tena, jeneza dogo linashushwa, na kesho yake pikipiki zinapita palepale.

Ajali haina kinga? Nani kasema? Sheria ileile ya Musa iliyotaja ng'ombe ilimwamuru mtu ajengaye nyumba yenye paa la kukalia aweke ukuta mfupi pembeni, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakusema, atakayeanguka siku yake imefika. Alisema, jengeni ukuta. Na ndugu zetu Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kwamba kuondoa kitu chenye madhara njiani ni tawi mojawapo la imani. Tena alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia bila kamba na kumtegemea Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Ng'ombe wa Musa na ngamia wa Mtume, wote wanadai kamba. Basi tusimsingizie Mungu mauti tuliyoyaacha yapite kwenye uwanja wa shule. Kumwita Mungu mwuaji ili sisi tubaki wasafi ni kufuru, nami naisema hivyo bila kupunguza neno.

Kinga ipo, na imejengwa katika nchi hii hii. Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda katika shule ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa, likakaa na walimu na wazazi, likatazama watoto wanapita wapi hasa. Kisha likafanya kazi isiyo na makuu: likajenga njia za miguu kando ya barabara, likaweka matuta na vivuko, nguzo za kuzuia magari yasipande walipo watoto, alama za shule, na mahali pengine likahamisha geti la shule kutoka upande wa barabara yenye fujo hadi upande wa utulivu. Kazi hiyo ilipopimwa, ilionekana imepunguza majeruhi kwa zaidi ya robo, na mwendo wa magari kwa hadi asilimia 60 mahali pengine. Mwaka 2019 ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, ikishindanishwa na miradi ya miji mikubwa ya dunia. Tofali, saruji, rangi na nguzo. Ni vitu tunavyojengea makanisa na misikiti kila mwaka kwa harambee.

Na mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya wenye fedha na wenye elimu. Uholanzi, nchi tunayosikia leo ikisifiwa kwa baiskeli zake, mwaka 1971 ilizika watu zaidi ya 3,000 waliouawa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Magari yalikuwa yamezidi kwenye barabara kuu, yakaanza kukata mitaani palipo na nyumba na shule, kama yanavyokata kwetu. Mwandishi mmoja wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake njiani kwenda shule, aliandika mwaka 1972 akiwaita wazazi wasimame, na kilio chake kikawa jina la chama: Komesheni Mauaji ya Watoto. Akina mama walitoka na viti vyao na meza zao wakafunga mitaa. Walipeleka madai yao hadi serikalini. Mwaka 1976 sheria ya nchi hiyo ikakubali mitaa ambayo gari likiingia huingia kama mgeni, kwa mwendo wa mguu, na mtoto anayecheza ndiye mwenyeji. Hawakuwa mainjinia wale. Walikuwa wazazi waliokataa kuitikia lile neno la msibani.

Nyinyi mna uwezo gani? Mkubwa kuliko mnavyodhani. Kijiji cha Tanzania si kikundi cha watu wanaoishi karibu karibu, ni serikali. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, ndipo mahali pa kuzijadili kabla hazijapelekwa halmashauri ya wilaya kuthibitishwa. Tunatunga sheria ndogo za mbuzi wanaokula mihogo ya watu. Tunatoza faini ya kuchoma moto mlimani. Je, mtoto hafikii heshima ya muhogo?

Sheria ndogo iseme wazi: uwanja wa shule si njia ya chombo cha moto, saa yoyote. Kichochoro kinachopita shuleni kifungwe kwa magari na pikipiki tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na tena watoto wanapotoka mchana na jioni, isipokuwa anayebeba mgonjwa au anayeishi humo. Mdomo wa njia uwekewe nguzo ambazo mtoto na baiskeli hupita katikati yake na gari halipiti. Shule isiyo na uzio ipande michongoma au miti kwa mstari mmoja mnene. Mvua zetu ni nyingi, miche haisumbui. Wazazi wawili wawili wasimame kwa zamu kwenye kivuko asubuhi, wamevaa vizibao vinavyong'aa. Msiwaachie kazi hiyo wanafunzi wenyewe.

Lakini sikilizeni na hili: msitoke usiku mkaweka magogo au kuchimba mtaro barabarani. Tuta lisilo na alama humwua mwendesha pikipiki gizani, nayo pia ni damu. Barabara za wilaya, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Andikeni barua, mihuri ya kijiji na ya shule iwe chini yake, mtaje mahali kwa jina, muombe tuta, kivuko na kibao cha kilomita 30. Wakikaa kimya, andikeni tena. Barua ya pili ipelekeni kwa miguu, watu ishirini.

Vijana wangu wa bodaboda, nina neno nanyi, na nalisema kwa upendo. Najua hesabu ya jioni. Najua tajiri anataka fedha yake uwe umepata abiria au hukupata, na kwamba pikipiki ya mkataba hainusuru siku ya mvua. Lakini abiria anayekuambia pitia shuleni tuwahi, hatasimama nawe siku utakapomgonga mtoto. Atashuka upande wa pili na kupotelea mgombani. Utabaki wewe na yule mtoto. Kila kijiwe kina mwenyekiti na katibu. Kaeni, mwandike kwamba wanachama wenu hawakatizi uwanja wa shule, na atakayekatiza akae nje ya kijiwe siku nzima. Mkifanya hivyo nyinyi, kazi imekwisha nusu, kwa sababu mnaheshimiana kuliko mnavyotuheshimu sisi wahubiri.

Nawe tajiri wa pikipiki, mwenye mchomoko, mwenye hiace: mwenye ng'ombe ni wewe. Unapoweka hesabu ambayo kijana hawezi kuifikisha bila kukimbia na kukata vichochoro, umemfungua ng'ombe kwa mkono wako mwenyewe. Usiseme hukuwepo. Mwenye ng'ombe wa Musa naye hakuwepo, alikuwa nyumbani. Punguza hesabu. Mwambie kijana wako, kwa kinywa chako, kwamba huzitaki fedha zilizopitia shuleni.

Walimu wakuu, msikae kimya kwa kuogopa kuonekana wachochezi. Wachungaji, mapadri na masheikh, nyumba zetu za ibada nyingi zimejengwa jirani na shule, na magari ya waumini wetu ndiyo yanayojaa kwenye njia hizo. Tangazeni madhabahuni na kwenye mimbari kwamba anayewahi ibada kwa kukatiza katikati ya watoto amechelewa, hata akiingia wimbo wa kwanza haujaanza. Madiwani, nanyi wenyeviti wa vijiji mliochaguliwa Novemba 2024 kwa miaka mitano: mliomba kura mkiahidi visima na zahanati, nasi tukashukuru. Nguzo sita za mti na mifuko michache ya saruji havihitaji bajeti ya taifa.

Na sisi wazazi ndio tuliosogea kando tukaacha jambo hili liwe la kawaida. Unamjua anayepita mbio nyuma ya shule. Unajua jina lake na unajua kwao. Mwendee jioni hii, kaa naye kwenye kigoda, mwambie kwa adabu, mwanangu, mtoto wangu anapita pale. Akikataa, rudi na wazee wawili. Akikataa tena, mlete mbele ya kijiji. Hivyo ndivyo majirani walivyopaswa kumwendea mwenye ng'ombe, na onyo lao ndilo linalowatoa wao wenyewe hatiani. Asiyeonya anabeba sehemu yake.

Mkutano mkuu wa kijiji hauitishwi ovyo. Sheria inautaka angalau kila miezi mitatu, na ajenda zake huandikwa kabla. Kwa hiyo usingoje siku ya mkutano ndipo unyooshe mkono kwenye mengineyo, watu wakiwa wamekwisha kusimama kukung'uta nguo. Nenda kwa mwenyekiti wako wiki hii. Mwombe aandike ajenda ya kufunga njia ya mkato ya shuleni, mtazame akiiandika, kisha mkutano ukiitwa uje, uje na mwenzi wako na jirani zako wote, mpige kura ndiyo.